Chupa ya Hakimu

Kunusa maji ni kazi kweli, msicheke. Kwenye mtambo wa maji wa mji ule palikuwa na chumba kidogo chenye meza ndefu na viti vitatu, na kila asubuhi watu watatu waliketi pale wakanusa chupa moja baada ya nyingine. Hawakuruhusiwa kujipaka manukato, kula kitunguu wala kuvuta sigara. Hata nguo zao walizifua kwa sabuni isiyonukia chochote. Mkuu wa meza ile alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika, ambaye mtambo mzima ulimwita Pua. Jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Maji yaliyochotwa bombani yalipashwa moto kwenye beseni la umeme, maana maji ya vuguvugu hayawezi kuficha harufu. Mnusaji alitikisa chupa, akafungua kizibo, akavuta pumzi fupi fupi, kisha akainusa chupa nyingine iliyokaa katikati ya meza, akalinganisha. Hiyo ya katikati waliiita Hakimu. Maji ya Hakimu yalikuwa yamepitishwa kwenye mtungi wa kioo uliojaa mkaa, ule mkaa maalumu wa kufyonza harufu, ili yatoke matupu kabisa. Chupa ikiwa sawa na Hakimu, imepita. Ikimzidi Hakimu, meneja anaamshwa popote alipo. Na mwaka ule mzima hakuna chupa iliyomzidi Hakimu, jambo lililompa Pua fahari ya kutembea kifua mbele.

Haya. Kiangazi kile, mama mkwe wake akahamia kwake.

Alitoka mbali, huko ambako mvua zilikuwa hazijakoma. Alikuja siku chache tu baada ya kumzika mumewe, na mwanawe, yaani mume wa Pua, hakutaka hata kusikia habari ya mama kubaki peke yake katika nyumba ile tupu. Alikuja na sanduku moja la nguo na dumu la maji ya kisima chake. Watu walicheka: nani anabeba maji kwenda mjini? Yeye akasema safari ni ndefu na koo lake halipendi ugeni, basi.

Dumu lilipokwisha, Pua akamletea kikombe cha maji ya bomba, baridi, kwenye sinia, kama inavyostahili mama mkwe. Sebuleni walikuwapo mume, majirani wawili waliokuja kutoa pole, na watoto wakubwa wa nyumba. Mama mkwe akakileta kikombe mdomoni, akasita, akakirudisha chini.

"Mwanangu, haya yametoka wapi?"

"Bombani, Mama."

"Yananuka kaburi."

Jirani mmoja akakohoa.

"Yananuka ule udongo," mama mkwe akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Siku ile mvua ilinyesha, udongo ulikuwa mbichi. Ndio huu huu."

Sasa Pua angeweza kufanya mambo mengi. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema atachunguza. Lakini mtu akiguswa kwenye kazi yake husema kabla hajafikiri, na Pua alijibu kwa ile sauti yake ya ofisini: "Mama, mimi ndiye ninayenusa maji haya kila siku ya Mungu. Hayana harufu yoyote. Hayo ni majonzi tu, Mama. Yatapita."

Majirani wakatikisa vichwa kwa huruma. Mume akamshika mama yake bega. Mama mkwe akamtazama mkwewe kidogo, akasema, "Haya," na kikombe kikabaki pale pale mpaka kilipoondolewa.

Tangu siku hiyo akawa hanywi. Si kwamba aligoma, la. Alijaribu. Alikuwa akifumba macho, anameza mafunda mawili kama anayemeza dawa chungu, kisha kifua kinayakataa. Wakampikia chai. Akasema chai ndiyo inanuka zaidi. Na hapo, jamani, hapo Pua alipaswa kushtuka! Mtu anayelipwa mshahara wa kupasha maji moto ili harufu itoke, anaambiwa na mama mkwe wake kwamba ya moto yananuka kuliko ya baridi, naye anaguna tu na kupeleka birika jikoni. Ukijiona unajua sana ndivyo unavyokuwa.

Mume akanunua katoni ya maji ya chupa, yale ya kiwandani yenye picha ya mlima. Mama akanusa, akasema, "Ni yale yale." Hapo mume akakata tamaa. Midomo ya mama ilianza kukauka na kupasuka, akisimama anapata kizunguzungu, na siku moja alianguka mlangoni mwa bafu. Zahanati wakamtundikia dripu, wakaonya kwamba mtu wa umri ule akiendelea hivyo figo zitamwacha mkono. Dripu ikamrudisha rangi, akarudi nyumbani, na kikombe kikabaki vile vile.

"Mama amechanganyikiwa," mume alimwambia Pua jikoni, macho yamemwiva. "Nimeongea na hospitali ya wagonjwa wa akili. Wiki ijayo nampeleka. Watamlaza, watamlazimisha anywe."

"Watamfunga?"

"Sijui. Nifanyeje? Nimtazame afe kwa kiu nyumbani kwangu?"

Alimpenda yule mama. Wakati wa uzazi wake wa kwanza, mama mkwe ndiye aliyekuja akakaa, akafua, akapika, wala hakumsimanga hata siku moja, na walio na mama wakwe wanajua hiyo ni bahati ya namna gani.

Akatokea wifi. Huyu alikuwa dada wa mume, aliyeolewa humo humo mjini, bingwa wa maneno, na yeye na Pua walikuwa wakitaniana tangu siku ya harusi. Alikuja kumtazama mama yake, mkononi dumu jingine la kisima cha nyumbani, alilolikimbilia kwao na kurudi siku hiyo hiyo. Mama akamiminiwa, akanywa kikombe kizima bila kupumua, akaomba kingine. Mume akatoka nje kwenda kujipangusa macho.

"Basi tumnyweshe hili," alisema Pua.

"Na likiisha? Mimi nina miguu miwili, wifi, si lori la maji," akajibu wifi. Akamwangalia Pua kwa jicho la utundu. "Hebu kwanza tucheze mchezo. Kaka anasema mama kachanganyikiwa. Wewe unasema majonzi. Mimi nataka kuona."

Akaenda nyuma ya pazia la jikoni akamimina maji kwenye vikombe vinavyofanana: vingine vya bomba, vingine vya chupa ya mlima, vingine vya dumu. Akavichanganya, akavileta kimoja kimoja. Mama mkwe alinusa tu, hakunywa. "Hiki cha kwangu. Hiki hapana. Hapana. Hiki cha kwangu." Pua alianza kwa kucheka. Katikati akaacha kucheka. Mwisho alikwenda mwenyewe nyuma ya pazia, akavichanganya upya akiwa amempa wifi mgongo, akavileta. Mama hakukosea hata kimoja.

"Wifi yangu," alisema wifi, "pua yako imestaafu na hukuambiwa. Mpe mama hicho kiti."

Pua hakucheka. Kilichomkera ni ile chupa ya mlima. Kiwanda kile alikijua. Kilikuwa nyuma ya mtambo wao, na bomba lake lilitoka kwenye bomba lao. Picha ya mlima ilikuwa mbwembwe tu. Mama mkwe hakuwa na njia yoyote ya kulijua hilo. Kama ni majonzi, majonzi yamejuaje kwamba maji ya bomba na ya kiwanda ni mtu na ndugu yake?

Lakini binadamu hasalimu amri haraka. Bado Pua alikuwa na Hakimu. Kesho yake akamimina maji ya Hakimu kwenye chupa safi, akaifunga kwenye kitambaa, akaja nayo nyumbani. Moyoni alikuwa na hakika. Haya ndiyo maji matupu kuliko yote mjini. Mama akiyanywa, tumepona, nitamletea kila siku. Na akiyakataa hata haya, basi kweli ni majonzi, na mume wangu yuko sawa.

Mama mkwe alikuwa kitandani. Wifi akamwinua, akamwegemeza kwenye mto. Pua akafungua kizibo.

Yule mama hakuyaleta hata karibu na mdomo. Alirudisha kichwa nyuma, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili.

"Haya ndiyo yenyewe," alisema ndani ya viganja. "Yale mengine yalikuwa kama kivuli. Haya ndiyo yenyewe. Hapa ndipo tulipomlaza."

Pua akabaki na chupa mkononi. Majonzi hayapimi zaidi na pungufu namna ile. Mama hakusema maji yote sawa. Alisema haya yamezidi. Yaani Hakimu ndiye anayenuka kuliko wote! Na wao mezani, mwaka mzima, wanafungua chupa, wananusa, wanalinganisha na Hakimu, wanasema, "Haijazidi," na kuandika kwamba maji ni safi. Utamzidi vipi mtu aliye mchafu kuliko wewe?

Kwanza aliona aibu. Halafu akajisikia hasira, na hasira ya Pua ilikuwa kitu cha kufaa kazi. Akajifunga kibwebwe.

Kwanza alikwenda kwenye ule mtungi wa mkaa. Zamani ulikaa kwenye kabati la baridi, lakini Pua mwenyewe ndiye aliyeuhamisha akauweka kando ya beseni la kupashia maji, ili uwe karibu na mkono. Alijisifia hilo siku zile. Sasa aliushika akaona kioo kina joto kama paji la mtoto mwenye homa. Joto, unyevu, na mkaa uliofyonza kila uchafu mtamu uliopita ndani yake. Kama kuna kiumbe kilikuwa kinatafuta nyumba, kilikuwa kimejengewa na kupangiwa samani. Aliufungua, akanusa. Hakusikia kitu, na hilo lilimtisha kuliko harufu yoyote.

Akachota mkaa kidogo kwa kijiko akaupeleka chumba cha pili, kwa bwana mmoja mwembamba aliyeitwa Hadubini, kwa sababu jicho lake moja lilikuwa kwenye hadubini tangu asubuhi hadi jioni. Huyu ndiye aliyepima vijidudu vya maji, kwa kuvipanda kwenye visahani vya jeli na kungoja viote.

"Nipandie hiki," alisema Pua.

"Natafuta vijidudu vya kuharisha, Pua. Mkaa wa nini?"

"Wewe panda. Na sahani zako usizitupe kesho kutwa kama kawaida yako. Ziache mpaka nirudi."

"Zikikaa sana zinaota vumbi la hewani. Uchafu tu."

"Basi huo uchafu ndio ninaoutaka. Ukizitupa, mimi na wewe hatutazikana."

Hadubini alimfahamu. Akazifunga sahani pembeni kwa utepe, akaziweka kwenye kabati la joto, akabandika juu yake karatasi yenye jina la Pua ili msafishaji aziogope.

Kisha Pua aliomba likizo. Alimwambia mume wake, "Hiyo safari ya hospitali ya akili, ingoje nirudi."

"Unakwenda wapi?"

"Kisimani kwa mama. Dumu linakaribia mwisho, na mimi nina pua inayotakiwa kupumzishwa. Ukimpeleka kabla sijarudi, nakwambia ukweli, utanitafuta."

Mume alimtazama, akaona uso alioujua, akasema, "Sawa, nenda."

Huko Pua alifungua ile nyumba iliyofungwa, akafagia vumbi, akakaa. Alikunywa maji ya kisima, alioga maji ya kisima, alifua nguo zake zote kwa maji ya kisima, hata nywele. Hakuwa na la kufanya zaidi ya kungoja, na kungoja kulimchosha kuliko kazi. Jioni alikwenda kumwona baba mkwe pale alipolazwa, ng'ambo ya shamba. Mvua ilikuwa imepita muda si mrefu. Aliinama kung'oa majani, na ile harufu ikampanda puani, nzito, mbichi, yenye ubaridi. Akakaa chini akalia, kwanza kwa ajili ya marehemu, baadaye kwa ajili ya lile neno "majonzi tu" alilolisema mbele ya majirani.

Alirudi mjini na madumu mengi kadiri kondakta alivyovumilia. Aliyafikisha nyumbani, akamkuta mama amekaa kibarazani na wifi, akanyoosha moja kwa moja hadi mtamboni. Alifungua mlango wa chumba cha kunusia, na hakufika hata mezani.

Ilikuwa kama mtu amechimba shimo katikati ya chumba. Wenzake wawili walikuwa wameketi, chupa mkononi, wanatabasamu kumkaribisha.

"Ninyi hamsikii?" aliuliza Pua.

"Kusikia nini?"

"Lo!" alisema Pua, akashika kizingiti. "Lo, jamani, tumekufa."

Hawakusikia, na lawama si yao. Harufu ile iliingia polepole mwaka mzima, ikawa kwenye maji wanayokunywa, wanayooga, wanayofulia, mpaka pua zao zikaihesabu kuwa hewa. Mji mzima ulikuwa hivyo. Aliyekuja mgeni ndiye pekee aliyeisikia, na mgeni huyo walimwambia kachanganyikiwa.

Hadubini alikuwa akimngoja mlangoni mwake, na kwa mara ya kwanza macho yake yote mawili yalikuwa yanatazama watu.

"Njoo uone uchafu wako," alisema.

Sahani zilikuwa zimeota. Vijiduara vidogo, vikavu, vyeupe kwa kijivu, vimeketi juu ya ile jeli kama vumbi la chaki lililomwagwa kwa ncha ya kidole. Hadubini akachukua sindano, akajaribu kukinyanyua kimoja. Hakikunyanyuka. Kiling'ang'ania, na sindano ikapinda.

"Bakteria wa kawaida ningemkwangua kama siagi," alisema. "Huyu katia mizizi ndani. Hebu chungulia."

Pua akachungulia. Nyuzi. Nyembamba ajabu, zenye matawi, zimesukana kama nywele zilizokataa kitana. Na kwenye ncha za nyuzi za juu, vipunje vimepangana kimoja nyuma ya kingine kama shanga.

"Huo si ukungu?"

"Kila mtu hudhani ni ukungu, kwa jinsi anavyokua. Ni bakteria, ila kaamua kuishi kwa nyuzi. Makazi yake ni udongo, kazi yake kuozesha majani na mabaki. Zile shanga ni mbegu zake. Ardhi ikikauka, mwenyewe anakufa lakini mbegu zinalala tu, zinangoja. Tena hana haraka. Mimi hutupa sahani zangu yeye akiwa bado anajinyoosha, ndiyo maana sijawahi kumwona humu. Kitabuni anaitwa Streptomyces."

"Mh! Jina lina mabehewa. Na harufu?"

"Ni yake. Ile harufu ya ardhi ikinyeshewa, tunayosema ardhi inanukia, sehemu kubwa ni yeye na ndugu zake. Pua ya binadamu inaisikia hata ikiwa kidogo kiasi ambacho vifaa vyangu vingi haviwezi kukiona."

"Anadhuru?"

"Ukimnywa? Hapana. Kwanza heshima yake kubwa. Jamii hii ndiyo inayotengeneza dawa za kuua bakteria wenzake. Dawa kibao za hospitalini zilipatikana kwao. Pengine hata wewe umewahi kupona kwa sababu yake."

Pua akanyanyua kichwa. Alifikiria udongo ule ng'ambo ya shamba, na zile nyuzi ndani yake, zinafanya kazi yao taratibu bila ubaya na mtu. Kwa hiyo mama mkwe hakufananisha. Aliposema ni ule ule, ulikuwa ule ule.

"Kwenye mkaa alifikaje?"

"Kwa maji. Bwawa limekuwa likishuka mwaka huu wote. Kingo zote ni matope yaliyo wazi, na mdomo wa bomba letu uko karibu na matope. Mkaa wako ulimpokea, ukampa joto."

"Twende kwa meneja," alisema Pua. "Na sahani zije."

Meneja alikuwa mtu mpole aliyeogopa makelele. Alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia sahani kwa mbali, akainusa ile chupa ya Hakimu, akasema hasikii chochote.

"Najua husikii. Dereva wa lori la dawa ya maji ametoka mbali, kaingia getini sasa hivi. Nimemnusisha. Unajua kasema nini? 'Humu mmefukua nini?'"

Meneja akajikuna shingo. "Sasa Pua, unataka nitangaze nini? Kwamba meza ya kunusa haina pua? Watu wataamini lipi baada ya hapo?"

"Tangaza kwamba maji yana harufu ya udongo, hayadhuru, na tunayarekebisha."

"Mvua zikija bwawa litajaa, itaondoka yenyewe. Tungoje."

"Mama mkwe wangu hana nafasi ya kungoja."

"Tutaulizwa nani aliuhamisha mtungi. Ni wewe. Unga wako utamwagika, wajua?"

"Umwagike!" Pua alipiga meza, vikombe vikaruka. "Nimesema umwagike! Nina mzee nyumbani anakauka midomo katikati ya mji uliojaa maji, mwanawe anataka kumpeleka kwa wagonjwa wa akili, na aliyemwambia hana akili ni mimi. Mimi, kwa jina la meza hii. Leo nitalisema hili hapa ndani, au nitalisema sokoni nikiwa nimesimama juu ya ndoo. Chagua."

Meneja alimtazama Hadubini kuomba msaada. Hadubini akainua sahani, akasema kwa upole, "Mimi nitamshikia ndoo."

Basi ikafanyika. Mkaa wa zamani ukatupwa, mtungi ukachemshwa, ukawekwa mkaa mpya na kurudishwa kwenye kabati la baridi. Mdomo wa bomba bwawani ukasogezwa mbali na matope, ukainuliwa. Mkaa wa unga ukamwagwa kwenye matangi kufyonza harufu. Pua akabaki kwenye kiti chake, ila alikatwa cheo, na Hakimu akawekewa sheria mpya: kabla ya kuhukumu wengine, ananuswa kwanza yeye, na mtu aliyetoka nje ya mji. Gari la matangazo lilipopita mitaani, mambo ya ajabu yakaonekana. Watu walitoka milangoni wakaambiana, "Kumbe! Nilidhani ni mimi tu." Wachache walikuwa wameisikia mwanzoni mwanzoni, kila mmoja akanyamaza asionekane mwendawazimu, na baadaye wakazoea.

Harufu haikuondoka kwa siku moja. Pua aliifuatilia kila asubuhi kwa pua iliyoogeshwa maji ya kisima, ikawa inapungua, inapungua. Madumu yaliendelea kumnywesha mama. Dumu la mwisho lilipobaki na tone, Pua alipita mezani akanusa chupa ya bomba mara nyingi hata wenzake wakamwambia ataimaliza. Kisha akarudi nyumbani.

Aliwakusanya wale wale: mume, wifi, watoto, hata majirani wawili akawafuata kwao, nao wakaja wakishangaa. Akaweka kikombe cha maji ya bomba kwenye sinia, akapiga magoti mbele ya mama mkwe.

"Mama," alisema, na sauti ya ofisini haikuwapo. "Siku ile nilikwambia mbele ya hawa kwamba ni majonzi. Yalikuwa maji, Mama. Uliyosema yote yalikuwa kweli, udongo ule ule. Mimi ndiye sikuwa na pua. Nisamehe."

Mume aliinamisha kichwa. Mama mkwe akakichukua kikombe kwa mikono miwili. Alinusa, akatulia, akanusa tena. Halafu akanywa, polepole, koo likipanda na kushuka, mpaka kikombe kikawa kitupu.

"Majonzi nayo yapo, mwanangu," alisema, akijipangusa midomo. "Usidhani hayapo. Lakini hayo sikumlalamikia mtu. Nililalamikia maji."

Akamnyooshea Pua kikombe amwongezee.